Sura ya Saba: Mbwa Asiye na Kazi

Saa nane mchana, katika nyumba nyingi zenye ukuta mrefu na geti la chuma, Mbezi ya Dar es Salaam kama Karen ya Nairobi, mbwa wa ulinzi yuko bandani. Amefungiwa tangu asubuhi, watu walipoanza kutoka na kuingia, na atafunguliwa giza likishaingia. Banda lina sakafu ya saruji, bati juu na wavu mbele. Maji yamo kwenye sufuria kuukuu. Chakula huja mara moja kwa siku, ugali wa dona uliovurugwa na dagaa au utumbo, na huisha kabla aliyeuleta hajamaliza kufunga komeo. Baada ya hapo hakuna tukio jingine hadi usiku.

Simama umtazame. Huyu anakwenda hatua tatu kushoto, anageuka, hatua tatu kulia, anageuka tena pale pale, na pembe ya ukuta imeng'aa kwa kusuguliwa na ubavu wake. Mwingine analamba mguu wa mbele mpaka manyoya yanakwisha na ngozi inageuka kidonda. Daktari wa mifugo anakitibu, kinapona wiki mbili, kinarudi. Wa tatu anabwekea kila kitu: bodaboda, kunguru, muuza mboga, tawi la mwembe. Na yupo anayelala tu, uso ukutani, hata akiitwa jina hanyanyui kichwa. Huyo wenye nyumba humsifu kwa utulivu. Kwangu ndiye ninayemhofia kuliko wote.

Maelezo huwa hayakosekani: huyu mkorofi, yule ana kichwa kigumu, yule kazeeka. Ninaloshikilia ni kwamba mbwa hawa wamenyang'anywa kazi, na kwamba chakula kile kile wanachopewa kila siku kinatosha kuwarudishia. Karibu hakuna cha kununua dukani.

Mbwa wa kienyeji kijijini huamka alfajiri, akazungukia jalala, akawafuata watoto hadi njia panda ya shule, akarudi na mbuzi, akafukua panya kwenye shamba la mihogo, akagombana na mbwa wa jirani, ndipo akalala kivulini. Maisha yake ni magumu; yana njaa, mawe na kichaa cha mbwa, na simtakii mbwa yeyote maisha hayo. Lakini mbwa wa namna hiyo hazunguki mahali pamoja kutwa nzima. Mbwa wameishi na binadamu si chini ya miaka 14,000, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walikula kile walichokinusa, wakakifuata, wakakifukua au wakasaidia kukikamata. Akili yao imefinyangwa na utafutaji. Tulipowawekea sufuria mbele ya pua tuliondoa njaa, tukaondoa na utafutaji wenyewe.

Ragen McGowan na wenzake walilipima jambo hili huko Uswidi na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliwachukua mbwa 12 aina ya beagle, wakawapanga wawili wawili, na kuwafundisha kutumia vifaa fulani ili kupata malipo: chakula, mtu, au mbwa mwenzao. Kisha wakabadilisha jambo moja tu. Mbwa wa kwanza katika jozi akikitumia kifaa sawasawa, njia ya kwenda kwenye malipo inafunguliwa papo hapo. Mwenzake anapata malipo yale yale, baada ya muda ule ule, ila afanye asifanye ni mamoja. Hafungui chochote yeye. Baadaye wakabadilishana nafasi. Mbwa alipofanikiwa kwa jitihada yake alitikisa mkia zaidi, akachangamka zaidi. Alipokuwa anapokea tu, hamu ya kuingia kwenye uwanja wa jaribio ilimpungua. Chakula hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mara moja alikuwa na mkono wake katika jambo, na mara nyingine hakuwa nao.

Kuna jaribio la zamani zaidi ambalo halipendezi kulisimulia, lakini linamhusu yule mbwa aliyelala uso ukutani. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wakiwa Pennsylvania, waliandika kuhusu mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizima kwa njia yoyote. Baadaye mbwa hao waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Wengi hawakuruka. Walilala chini wakavumilia. Watafiti hao walieleza kwamba mbwa walikuwa wamejifunza kuwa hakuna wanachokifanya kinachobadilisha kitu, na somo hilo lilikataa kutoka hata mlango ulipokuwa wazi. Hakuna mtu anayepaswa kurudia ukatili ule, wala bandani hakuna umeme. Lakini mbwa ambaye miaka mitatu amebweka, amekwaruza na amelia bila lolote kubadilika, mwishowe naye hunyamaza. Tusiuite unyamavu huo tabia njema.

Basi tuanze na pua, maana kazi ya mbwa huanzia hapo.

Vipokezi vya harufu katika pua ya binadamu ni takriban milioni 5 au 6. Vya mbwa huhesabiwa kwa mamia ya milioni. Anaponusa kwa bidii huvuta hewa kama mara 5 kwa sekunde, na hewa anayoitoa hupitia mipasuko ya pembeni mwa pua, ili isiifukuze harufu iliyo mbele yake. Usa River, karibu na Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limewafundisha mbwa kutambua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kakakuona, kisha wakapelekwa kufanya kazi kwenye bandari na viwanja vya ndege. Mbwa wa kazi hiyo hupita kwenye mizigo iliyofungwa barabara, akaketi mbele ya begi moja, na malipo yake mara nyingi ni mpira wa kuchezea. Kwa upande wake ule ni mchezo wa kutafuta, na anaupenda hata asipokuwa na njaa.

Mchezo huo unaweza kuchezwa nyuma ya nyumba. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti wao juu ya mbwa wa kawaida wa nyumbani. Waliwafundisha kwanza kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula, na likiwekwa upande wa pili ni tupu. Kisha wakaliweka katikati, wakapima mbwa anachukua muda gani kulifuata. Anayetarajia mema hukimbia. Aliyekata tamaa hujikokota. Baada ya hapo kundi moja lilifanya mazoezi ya kutafuta kwa pua kwa wiki mbili, na kundi la pili likafanya mazoezi ya kutembea sambamba na mwenye mbwa, nayo yalikuwa na zawadi za chakula vile vile. Walipopimwa upya, wale wa pua walilifuata bakuli la katikati haraka kuliko mwanzo. Wale wa kutembea sambamba hawakubadilika. Tofauti ni kwamba mtafutaji huamua mwenyewe aende wapi. Mimi nauona utafiti huu kuwa wa maana kuliko mashauri mengi ya ufugaji tuliyorithi, ambayo karibu yote yanafundisha utii.

Jirani yangu ana mbwa jike, Suzi, rangi ya mchanga, nusu mbwa wa kienyeji, nusu German Shepherd. Tulimtandikia gunia kuukuu la katani, tukalikunjakunja, na ndani ya mikunjo tukafukia dagaa wakavu. Alilikaribia shingo ikiwa mbele na miguu ya nyuma imebaki mbali, tayari kukimbia. Akanusa ukingo. Pua ikaanza kufanya kazi kwa sauti, fff, fff, fff, kisha akapumua kwa nguvu mara moja, vumbi likaruka. Akaliuma gunia, akalivuta, dagaa wawili wakadondoka. Hapo akasimama akatutazama, kama anayeomba ruhusa. Tulipokaa kimya alirudi, safari hii akakanyaga upande mmoja kwa mguu na kufunua mkunjo kwa pua. Hakuna aliyemfundisha. Alipomaliza alirudia kila mkunjo kuhakikisha, akajikung'uta mwili mzima, kisha akajitupa juu ya gunia lenyewe akalala usingizi mzito. Bodaboda iliyopita nje ya geti haikumwamsha.

Trei la mayai la karatasi linafaa vivyo hivyo: weka dagaa au vipande vya ugali mkavu kwenye vishimo, funika kwa trei la pili. Boksi lenye magazeti yaliyofinyangwa pia. Rahisi kuliko yote ni kuutawanya mlo kwenye nyasi. Ugali ukipikwa mgumu na kukatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, mlo wa dakika mbili unageuka kuwa kazi ya robo saa. Anza kwa wepesi sana, chakula kikionekana nusu, na ongeza ugumu polepole. Mbwa ambaye hajawahi kupewa fumbo akishindwa mara mbili tatu ataliacha, na utakuwa umemrudisha kwenye lile somo la kwamba bidii haileti kitu.

Swali la sumu huja mara moja, na lina haki ya kujibiwa. Wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta, na mwenye nyumba anauliza: nikimzoesha kuokota chini, si nimemmaliza mwenyewe? Ndiyo maana mchezo uwe na mahali pake na neno lake. Chagua sehemu moja, mbali na ukuta na geti. Anayempa awe daima mtu yule yule, au wawili wanaojulikana, mchana, na kabla ya kumwachia sema neno moja, kwa mfano "tafuta". Ukimaliza, okota kilichobaki. Afadhali zaidi ni kutumia chombo, yaani gunia, boksi au trei, ambacho hutolewa na kurudishwa stoo, ili chakula kisicho na chombo kisihusiane na mchezo. Hatari haiishi kabisa. Lakini mbwa anayekula mara moja kwa siku na kushinda na njaa na upweke ndiye mwepesi zaidi wa kudaka nyama iliyorushwa usiku.

Na ukali je? Imani kwamba mbwa akifungiwa mchana kutwa atakuwa mkali usiku imeenea mno, na nadhani inatuumiza sisi wenyewe. Mbwa wa namna hiyo hubwekea paka, mvua na mwangwi wa sauti yake, hadi wenye nyumba wanazoea na kugeukia upande wa pili kitandani. Mlinzi wa kutegemewa ni yule anayebweka pale panapostahili. Ili atofautishe lazima awe anajua harufu na sauti za kawaida za mtaa wake, na hawezi kuzijua akiwa nyuma ya wavu.

Hapo ndipo matembezi yanapoingia. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, na kwa mbwa msemo huo ni kweli tupu. Wengi wakipata nafasi ya kumtoa humburuta barabarani kwa mwendo wa haraka, akiinamisha pua anavutwa kamba. Ni kama kumpeleka mtu sokoni umemfunga kitambaa usoni. Mkojo wa mbwa mwingine chini ya mwarobaini unamweleza ni nani aliyepita, dume au jike, lini, na hali yake ilikuwaje. Mwache asome. Kamba iwe ndefu, ya mita 3 au zaidi, mwendo uwe wake, na dakika ishirini za kunusa zitamchosha vizuri.

Kutafuna na kulamba nako humtuliza, na hapa tahadhari ni nyingi kuliko maelekezo. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, wa kuku hasa, usimpe kamwe. Chupa ya plastiki yenye punje za chakula ni mchezo mzuri mkiwa naye, baada ya kutoa kifuniko na ile pete yake, na iondolewe ikianza kuchanika. Uji wa dona uliochanganywa na supu ya dagaa, ukagandishwa kwenye bakuli, humpa kazi ya kulamba mchana wa joto, mradi supu haina chumvi wala kitunguu. Kiporo cha mchuzi ndicho hatari iliyozoeleka kuliko zote, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu, makadamia, na pipi au siagi ya karanga yenye zailitoli, kile kiongeza utamu cha vitu visivyo na sukari, nazo ni sumu kwake.

Kwa nyumba za Waislamu, Mombasa, Unguja au kwingineko, ambako mbwa anafugwa kwa ulinzi na mate yake yanaepukwa kwa sababu ya najisi, mengi ya niliyoyataja yanafanyika bila kumgusa. Unatandaza gunia akiwa bandani, unamfungulia, unakaa mbali. Mbwa hahitaji kupapaswa ili apate la kufanya.

Watu huuliza pia juu ya redio. Deborah Wells na wenzake wa Belfast walionyesha mwaka 2002 kwamba mbwa wa makazi ya kuwatunza walitulia zaidi kwa muziki laini wa ala wa Ulaya, na wakabweka zaidi kwa ule wa magitaa mazito. Watafiti wa Glasgow waliochapisha mwaka 2017 waliona reggae na roki laini zinafaa, ila aina moja ikirudiwa siku baada ya siku mbwa huizoea na faida yake hupungua. Basi badilisha, sauti iwe ya chini, na usitegemee redio ifanye kazi ya mwenzi.

Hadi hapa nimezungumzia mbwa aliyeboreka, yaani aliyechoka kukaa bila la kufanya. Mwenye hofu ni jambo jingine, na kuwachanganya hawa wawili kumewatesa mbwa wengi. Aliyeboreka ukimpa fumbo analivamia. Mwenye hofu ukimpa nyama mbichi anaigeuzia kichwa. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: mbwa mzima wa afya akikataa chakula anachokipenda, hofu imemzidi, na wakati huo hawezi kujifunza wala kucheza. Dalili nyingine huja mapema kama ukizitazama: anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, weupe wa macho unaonekana pembeni, masikio yamelala nyuma, anahema ilhali hakuna joto.

Usiku wa mwaka mpya ndio mbaya kuliko yote, na kwa mbwa wa Nairobi uongeze Diwali. Fataki zikianza, mbwa aliyefungwa mnyororo anaweza kujinyonga akijaribu kukimbia, na aliyeachwa uani huruka kuta asizowahi kuziruka. Mwingize ndani kabla ya giza, hata kama si kawaida ya nyumba: stoo, gereji, choo cha nje, popote penye giza na mlango wa kufunga, na redio ya kufunika sauti. Akikujia akitetemeka, mkaribishe. Ile kauli kwamba ukimbembeleza unamlea hofu haina msingi. Hofu si tabia anayoifanya ili alipwe. Miezi ya kabla ya hapo unaweza kumzoesha kwa sauti za fataki zilizorekodiwa kwenye simu, chini kabisa mpaka aendelee kula, ukipandisha kidogo kidogo kwa majuma. Akiacha kula, umekwenda mbio. Na kuna dawa ambazo daktari wa mifugo anaweza kuziandika kwa mbwa anayeteseka sana. Kuziomba si aibu.

Kuna pia hofu ya kuachwa peke yake, inayoonekana zaidi kwa mbwa wa vyumba vya ghorofani. Weka simu irekodi unapotoka. Aliyeboreka mara nyingi hulala kwanza, kisha akaamka na kuanza kutafuna viatu. Mwenye hofu huanza ndani ya nusu saa ya kwanza: analia, anakwaruza mlango ule uliotokea wewe, anatoa mate mengi, anajisaidia sakafuni ingawa anajua pa kwendea. Lile bakuli la uji uliogandishwa utalikuta halijaguswa, na unaporudi ndipo analirukia. Huyu mafumbo hayatamponya. Anahitaji kujifunza kuachwa kwa vipimo vidogo mno, sekunde chache nyuma ya mlango, kisha dakika, bila kufikia pale anapoanza kulia, na kazi hiyo huchukua miezi. Kumpiga kwa uharibifu uliokuta umefanyika kunaongeza hofu juu ya hofu.

Mbwa wa pembe ya banda naye hatabadilika kwa siku moja. Mzunguko uliokwishakuwa mazoea huendelea hata sababu ikiondoka, hupungua polepole, na kwa wengine hauishi kabisa. Yule aliyelala uso ukutani huenda asiliguse gunia siku za mwanzo. Usimlazimishe. Liache, ondoka, rudi baadaye. Siku akinyoosha shingo kunusa ukingo, tayari ameanza.

Jambo la mwisho linahusu watu. Katika nyumba zetu nyingi mwenye mbwa siye anayemlisha. Anayemlisha ni kijana wa bustani, dada wa nyumbani au mlinzi, na mara nyingi alimkuta mbwa huyo akiwa ameshaogopwa na kila mtu. Ukimwachia maagizo kwa simu, hayatafanyika. Kaa naye asubuhi moja, mtandaze gunia pamoja, aone mwenyewe mbwa anavyolifanyia kazi. Mwulize amegundua nini, maana yeye ndiye anayemwona mchana kutwa. Hakikisha mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa, kwa usalama wa mtu huyo kabla ya wako. Mnunulie dagaa wa kutosha wa mbwa, mbali na wa jikoni, na ihesabu robo saa hiyo kuwa sehemu ya kazi anayolipwa, asije akaifanya baada ya kufua, kufyeka na kuosha gari, jua likiwa limezama na yeye amechoka.